Maswali yenu: hewa ukaa ya misitu na ardhi huhesabiwaje?

Nimekuta takwimu tatu za upotevu wa misitu Tanzania kwa mwaka: hekta 372,816, hekta 403,000 na hekta 469,420. Niamini ipi?

Kwanza tazama kila moja ni ya miaka ipi. Ya 372,816 inahusu 1995 hadi 2010, na ilitoka kwenye NAFORMA, tathmini ya kitaifa ya misitu ya Tanzania Bara. Ya 403,000 ni ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa miaka ya 2000 hadi 2010. Ya 469,420 inahusu 2002 hadi 2013, na iliandaliwa kwa ajili ya kiwango cha marejeo, yaani kipimo cha kulinganishia upotevu wa miaka ijayo, ambacho nchi huwasilisha kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi.

Ukizipanga kwenye grafu moja utapata mstari unaopanda, nawe utatamani kuandika kwamba ukataji umeongezeka. Huenda umeongezeka kweli, ila takwimu hizo haziwezi kuthibitisha hilo, kwa sababu miaka inaingiliana na njia za kupima hazifanani. Mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, uko wazi hapa: nchi ikibadili njia ya kukokotoa, inarudi nyuma na kukokotoa upya miaka yote iliyotangulia. Kwa hiyo chukua mfululizo mzima kutoka ripoti moja, ile ya karibuni zaidi. Usiunge mwaka wa ripoti hii na mwaka wa ripoti ile.

Hekta moja ya miombo ikifyekwa kwa shamba la mahindi, tani za hewa ukaa zinapatikanaje?

Kazi inaanzia msituni. Kwenye NAFORMA ploti, yaani kipande cha msitu kinachopimwa, ni ya duara lenye miduara midogo ndani yake. Wa nje una nusu kipenyo cha mita 15, na humo hupimwa miti yenye kipenyo cha sentimita 20 na zaidi. Miti myembamba hupimwa kwenye miduara ya ndani tu. Kipenyo huchukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini. Duara la mita 15 lina eneo la mita za mraba 707, kwa hiyo mti mmoja ndani yake unawakilisha miti 14 kwa hekta. Hapo ndipo kosa dogo linapokua: ukiingiza mti ambao katikati ya shina lake iko nje ya mpaka, umeongeza miti 14 isiyokuwepo. Kwenye mteremko nako, mita 15 ni za usawa, hazipimwi kwa kufuata ardhi inavyoinama.

Tuseme vipimo vimetoa tani 60 za uzito mkavu juu ya ardhi (ni namba ya mfano). Ongeza mizizi kwa uwiano wa 0.28, upate 76.8. Zidisha kwa 0.47, sehemu ya uzito huo ambayo ni kaboni: tani 36.1. Toa kaboni ya mimea iliyochukua nafasi ya msitu, tuseme tani 5, zinabaki 31.1. Zidisha kwa 44/12 kubadili kaboni kuwa hewa ukaa: tani 114 kwa hekta.

Wengi husahau ile 44/12 na kupata namba ndogo karibu mara nne. Udongo uko pembeni ya hesabu hii. Kaboni yake haitoki siku moja, na IPCC kwa kawaida huigawa kwa miaka 20.

Msitu wa kijiji umekatwa kwa mkaa lakini visiki vinachipua. Unahesabiwa umepotea?

Mara nyingi hapana. Kwa tafsiri ya Tanzania, msitu ni eneo la angalau hekta 0.5, lenye miti iliyofunika asilimia 10 au zaidi, na yenye urefu wa mita 3 au uwezo wa kuufikia. Msitu uliokuwa na ufunikaji wa asilimia 60 ukashushwa hadi 15 bado ni msitu kwenye ramani, ingawa sehemu kubwa ya kaboni imeshaondoka. Huo huitwa uharibifu wa misitu, na ni mgumu kuupima kuliko ufyekaji, maana setilaiti huona majani kuliko inavyoona mashina.

Jambo lingine linalowachanganya watu: hewa ukaa ya mkaa unaowashwa jikoni Dar es Salaam haiandikwi kwenye sekta ya nishati. Inaandikwa kwenye ardhi, pale mti ulipokatwa, ili isihesabiwe mara mbili. Methani na oksidi ya nitrasi za kuni na mkaa ndizo zinazobaki kwenye nishati.

Kwa nini ramani ya setilaiti ilionyesha msitu wetu umetoweka, na upo?

Uliza picha ilipigwa mwezi gani. Miombo hupukutisha majani kiangazi, na moto wa nyasi ukipita chini, picha ya Septemba huonekana kama ardhi tupu. Linganisha picha za msimu mmoja. Picha za setilaiti ya Landsat 7 za baada ya Mei 2003 zina michirizi isiyo na data, kwa sababu kifaa kimoja kiliharibika.

Hata ramani nzuri haitoshi kutoa idadi ya hekta kwa kuhesabu vipande vyake vya mita 30 kwa 30. Wataalamu huteua nukta kwa bahati nasibu, hukagua kila moja kwenye picha kali zaidi, kisha hurekebisha eneo na kutaja kiwango cha shaka. Ripoti isiyotaja shaka hiyo mimi siichukulii kwa uzito.

Je, tunafyeka kuliko Brazili?

Amazon ya Brazili ilipoteza kilomita za mraba 27,772 mwaka 2004, ikashuka hadi 4,571 mwaka 2012, ikapanda hadi 13,038 mwaka 2021, kisha ikawa 6,518 mwaka 2024. Zile 4,571 ni hekta 457,100, pungufu ya 469,420 za Tanzania. Lakini usikimbilie kichwa cha habari. Taasisi yao ya utafiti wa anga za juu, INPE, kwenye mfululizo huo, huhesabu msitu wa asili tu, vipande vya kuanzia hekta 6.25, na eneo ni la Amazon pekee. Sisi tunaanzia nusu hekta. Tena hekta ya Amazon hubeba kaboni nyingi zaidi kuliko ya miombo.

Ila mfululizo wao una faida moja: tangu 1988 wameshika vigezo vinavyolingana, kwa hiyo kupanda na kushuka kwake kunasomeka.

Tunapanda miti kila mwaka. Haifuti hesabu?

Inapunguza, polepole. Mti uliokatwa huandikwa kwa mkupuo ndani ya mwaka mmoja. Uliopandwa huingiza kaboni kadiri unavyokua, na mche uliokufa kiangazi hauingizi kitu. Ripoti ihesabu hekta zilizopona baada ya miaka kadhaa. Idadi ya miche iliyogawiwa haiingii kwenye kanuni yoyote.