Uliza Anko wa Sinema: Rubani gani huyu hata ndege hapandi?

SWALI: Anko shikamoo. Mi nipo Kirumba, Mwanza, nauza dagaa pale mwaloni, usiku nikishafunga hesabu naangalia muvi za zamani kwenye simu maana bando la usiku ndo la bei nafuu. Juzi nimekutana na moja ya Uingereza, ile nyeusi na nyeupe, inaitwa They Made Me a Fugitive, nikaambiwa ni ya rubani alogeuka mfanya magendo. Nimekaa mpaka mwisho sijaona ndege hata moja! Alafu sijaelewa, mtu katoka vitani shujaa, inakuaje anaangukia kwenye kundi la wahuni wakati anaonekana msomi kabisa? Na ile ya kubeba mzigo kwenye majeneza inawezekana kweli au ni chumvi? Nisaidie maana tumebishana na mume wangu hadi chai imepoa. (Msomaji wa Kirumba)

JIBU: Marahaba mwanangu, na mwangaluka kwa wote wa mwaloni. Ndege huioni kwa sababu stori inaanza wakati ndege zimeshaisha. Vita imekwisha 1945, muvi imetoka 1947, na huyu Clem Morgan, kaigiza Trevor Howard, alikua jeshi la anga la Uingereza, RAF, saivi sare wameshamvua. Kilichobaki ni suti, pombe, na ile sauti ya mtu aliyezoea kutoa amri. Mi naona utamu wenyewe upo hapo, rubani asie na ndege ni kama baharia miaka ile meli yetu ya MV Victoria imelala bandarini, 2014 mpaka 2020, ujuzi anao wote lakini anashinda kijiweni, na akiongea sana watu wanamwona msumbufu.

Na usisahau ametoka wapi. Kwenye kikosi cha mabomu cha RAF peke yake walipita kama watu 125,000 wa kurusha ndege, wakafa 55,573. Mtu kaishi miaka kadhaa hajui kama kesho atakunywa chai, alafu anarudi London anaambiwa haya kapange foleni ya mkate. Foleni ya mkate kweli, sio natania, maana wakati wa vita wenyewe mkate haukuwekewa mgao, uliwekewa baada ya kushinda, Julai 1946, na mgao wa vitu vyote ulikuja kuisha kabisa Julai 1954, nyama ikiwa ya mwisho. Fikiria wameshinda vita alafu miaka tisa bado wanahesabiana vipande vya nyama.

Wazee wa hapa hawahitaji kuelezewa hii. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa Novemba 1983, na katikati hapo sabuni, sukari, dawa ya meno, vyote unavisikia tu kwa jirani. Ndo neno mlanguzi likawa tusi na huku kila mtu ana mlanguzi wake anaemjua kwa jina, mitumbwi inatoka usiku kuelekea upande wa Kenya haina taa. Mwaka huohuo 1983 Sokoine kama waziri mkuu akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na sheria yake ikapitishwa, mi nlikua mdogo ila nakumbuka mtu mzima anafukia katoni za sabuni shambani kwake saa nane usiku kama anazika mtu. Kwaio ukiona kwenye muvi wanasaka sigara na soksi za nailoni kama dhahabu usicheke sana.

Sasa swali lako la msomi. Ukiangalia vizuri sio Clem anaetafuta kundi, kundi ndo linamtafuta yeye. Bosi wao Narcy (Griffith Jones, na anatisha kuliko majambazi wengi wa saivi wenye misuli) anavaa vizuri ila anajua akifungua mdomo wenye nazo watamshtukia, anataka mtu mwenye lafudhi ya shule na historia ya jeshi awe sura ya biashara. Kila mjini wapo watu wanaotafutwa hivo, yule mwenye tai ambae hakuna askari anamuuliza kitu. Clem anakubali, na ukimtazama usoni njaa huioni, unaona mtu amechoka kukaa bure na anataka mapigo ya moyo yarudi. Mume wako kama alikua anasema jamaa ni tamaa tu basi hapo kwa heshima zote namkatalia.

Ila kitu kilichonishika mi sio kuingia kwake, ni ule mstari anaojichorea. Sigara poa, pombe poa, soksi poa. Siku anagundua mzigo una dawa za kulevya anawaka, hiyo hapana mimi simo. Yaani kajitengenezea sheria yake ndani ya uhalifu na anategemea Narcy ataiheshimu! Nawafahamu wanunuzi wa samaki wa namna hiyo huku ziwani, anakwambia mi sangara chini ya sentimita 50, wale waliokatazwa, nanunua, wadogo watamu, na kila mtu ananunua, ila samaki waliovuliwa kwa sumu siwezi aisee mi nna watoto. Anaongea kwa uchungu wa kweli kabisa na huku ameshika kitoto cha sangara mkononi. Clem nae ni huyohuyo. Na Narcy haoni mstari wowote, anaona mtu ameanza kuleta maneno, ndo usiku wa kuvunja ghala wanampiga anazimia wanamwacha pale na gari, askari amegongwa kafa, kesi yote inamwangukia yeye, kifungo kinamsubiri gereza la Dartmoor.

Majeneza sasa. Kwenye stori ofisi ya kundi ni duka la mazishi, juu ya paa kuna herufi kubwa RIP (pumzika kwa amani), mzigo unaingia ndani ya jeneza na watu wanavua kofia kuupisha. Kama inawezekana? Mwanangu, we umewahi kuona nani anasimamisha gari la msiba akasema fungueni tuone? Hapo Kirumba hata bodaboda wanapunguza mwendo. Muongozaji Alberto Cavalcanti, Mbrazil huyo wa kuzaliwa Rio, alijua anachokifanya, kachukua kitu ambacho Waingereza wanakiheshimu bila kuhoji akakijazia sigara.

Kidogo la pembeni. Trevor Howard mwenyewe ilisemwa miaka mingi kwamba alikua shujaa wa vita mwenye nishani, baadae ikaja kujulikana haikua kweli, jeshi lilimtoa 1943 kwa sababu ya hali ya akili. Angalia tena zile sekunde anakaa kimya na glasi mkononi.

SWALI: Mi nimepata moja inaitwa I Became a Criminal, watu ni walewale ila fupi. Ni sikwo (muendelezo) au wamenipiga? (Dereva wa Igoma)

JIBU: Hujapigwa sana. Ni muvi ileile, hilo ndo jina la Marekani na huko waliikata kama dakika 20. Tafuta yenye jina la Uingereza, They Made Me a Fugitive, iliyo nzima.

SWALI: Anko mbona mwisho unaudhi? Mbaya anakufa na jamaa bado hajasafishwa! (Mama wa Nyamanoro)

JIBU: Mama shikamoo, na ambao hamjaona rukeni hapa. Ni kweli, Narcy anaanguka kutoka kwenye lile paa la RIP, wanamsihi aseme ukweli kabla hajakata roho na anagoma, chuki yake anaondoka nayo. Clem, aliyekua ametoroka gerezani, anarudishwa na polisi. Sally, mpenzi wa zamani wa Narcy aliyehamia upande wa Clem, kaigiza Sally Gray, anabaki na ahadi ya kumsubiri, na shahidi waliemtegemea, Soapy wa lile kundi, ameshauawa. Mi kwa kweli nimeipenda hivohivo, wangemtoa bure ningejiona nimedanganywa. Ila mke wangu alizima simu akaenda kulala amenuna, kwaio mko wawili.