Premio nyeusi na utando wa buibui juani: soma hili kabla hujanunua mashine ya polishi

Ndugu yangu wa Lanet, umeuliza mambo matatu: kwa nini Toyota Premio yako nyeusi huonekana imefunikwa utando wa buibui kila jua linapopiga boneti, kama ununue mashine ujifanyie mwenyewe, na kama seramiki wanayoitangaza, ile dawa ya kupaka juu ya rangi ili kuilinda, itamaliza tatizo. Nimefanya kazi hii ya kupiga magari polishi hapa Nakuru tangu 2013, na magari meusi ndiyo yaliyonifundisha karibu yote ninayoyajua. Univumilie, jibu ni refu.

Kwanza, utando huo ni mikwaruzo midogo, na si ya mviringo. Imelala kila upande, maelfu kwa maelfu, ila jicho huona ile tu iliyokingama mbele ya mwanga. Ndiyo maana hujipanga kama duara kulizunguka jua, na ukisogea hatua mbili duara nalo linakufuata. Gari jeupe la jirani yako linayo pia. Lakini jeupe hurudisha mwanga kutoka kila mahali, mkwaruzo ukapotea humo. Jeusi hunyonya mwanga karibu wote, kwa hiyo kinachobaki kukurudia ni ule wa mkwaruzo.

Imetoka wapi? Jina lenyewe la mji wetu ni la Kimaasai, mahali penye vumbi, na vumbi hili ni majivu ya volkano. Lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo watu husugulia visigino ni la ukoo huo huo. Sasa kumbuka asubuhi unapotoka nyumbani, gari lina vumbi, na askari wa geti kwa moyo mzuri kabisa analipangusa na kitambaa kikavu ili ufike kazini ukiwa nadhifu. Hapo ndipo gari lako linapokwaruzwa. Barabara ya Njoro na mawe yake haijawahi kuharibu rangi nyeusi kama kile kitambaa. Kinachofuata ni sponji ya waosha magari, ile iliyotoka kusugua rimu za matatu ikarudi kwenye ndoo ile ile.

Jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya kununua chochote ni hili: polishi haifuniki mkwaruzo, inaondoa klia, lile tabaka la juu linaloonyesha kama kioo na kuilinda rangi. Inateremsha uso wote mpaka ulingane na chini ya mkwaruzo. Na klia haiongezeki. Ya kiwandani mara nyingi ni kati ya mikroni 35 na 50, ilhali unywele wa kichwa chako una kama 70. Gari lililotoka Japani likiwa na miaka saba huenda limeshapigwa polishi kule mnadani, na tena hapa kabla hujaonyeshwa. Wewe ni mtu wa tatu kuchota kwenye mtungi huo.

Hili sikulielewa mwaka wangu wa pili. Nilikuwa na rotari, ile mashine inayozungusha pedi mahali pamoja bila kuyumba, na pedi ya sufu. Nilikuwa kwenye fenda ya mbele ya gari jeusi, karibu na ukingo unaoelekea mlangoni, na palikuwa na alama moja iliyokataa kutoka. Nikainamisha mashine kidogo, nikakandamiza. Sufu ilikuwa nyeupe, ghafla ikashika mstari mweusi. Kwenye gari lenye klia, pedi haitakiwi kushika rangi ya gari hata kidogo. Ukiona imeshika, umeshapita klia yote. Nilipozima mashine palikuwa na doa la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, limefifia kama masizi, na halikuwa na dawa isipokuwa kupaka fenda nzima upya. Nilimpigia mwenye gari saa hiyo hiyo, nikalipia rangi mwenyewe. Kwenye kingo na mikunjo klia hukaa nyembamba, na rotari hukusanya joto pale pale. Tangu siku hiyo kila ukingo naufunika kwa tepu ya fundi rangi kabla mashine haijaguswa na stima.

Kwa hiyo ukinunua, nunua DA, inayozunguka huku ikiyumba. Ni ya polepole zaidi lakini husamehe makosa, na haiachi ile mistari kama moshi ambayo rotari huiacha kwenye gari jeusi mkono usipokuwa mwepesi. Chukua pedi za sponji nne au tano za kiwango cha kati na laini. Pedi moja haitoshi gari zima, inajaa unga wa klia na kuanza kukwaruza yenyewe. Mimi huipiga brashi kila ninapomaliza paneli. Kifaa cha kupima unene wa rangi ni cha kuazima kwa fundi anayekiheshimu. Paneli nyingi za kiwandani husoma kati ya mikroni 100 na 180. Ukipata mlango mmoja unasoma 300 na zaidi, ulishapakwa rangi upya, huenda na mastiki ya kuziba mabonde chini, na utauendea tofauti na wenzake. Kumbuka pia kwamba kifaa hicho husoma tabaka zote pamoja, hakikuambii klia peke yake imebaki kiasi gani.

Fungua boneti usome kile kibati chenye maandishi C/TR, ndipo ilipo namba ya rangi. Kama rangi ni 202, hiyo ni nyeusi tupu ya Toyota na ni laini mno. Taulo mbaya inatosha kuikwaruza. Faida yake ni kwamba hurekebishika kwa polishi nyepesi, usikimbilie kompaundi, ile polishi kali inayokata zaidi.

Kuosha sitakaa sana: povu kwanza, maji mengi, ndoo mbili, kisha dawa ya kutoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau, halafu udongo wa kusafishia rangi pamoja na maji ya kutelezesha. Ukipitisha kiganja ndani ya mfuko wa nailoni juu ya boneti na bado unasikia chenga, hujamaliza. Ukiweka mashine juu ya chenga unazisaga ndani ya rangi.

Kisha fanya jaribio, na hapa usiwe na haraka. Bandika tepu katikati ya boneti, chukua eneo la sentimita 50 kwa 50 upande mmoja, anza na pedi laini na polishi nyepesi kuliko zote ulizo nazo. Matone manne, mashine ikiwa imelala sawasawa, mkono ukienda sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Mipito minne hadi sita. Futa, pangusa na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yatoke, halafu bandua tepu. Washa tochi ya simu. Upande mmoja utaona utando wako ule ule wa kijivu, na kwenye mstari wa tepu unakatika kama uliokatwa kwa kisu. Upande wa pili kuna nukta moja ya mwanga na weusi mtupu kuizunguka. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikaa chini nikaliangalia kwa muda mrefu. Kama utando haujakatika, ndipo uongeze ukali ngazi moja: pedi ya kati, au kompaundi. Ukipata mchanganyiko uliofaa hapo, tumia huo huo gari zima.

Ile hatua ya alkoholi usiiruke hata ukichoka. Kuna watu hukurudishia gari baada ya saa mbili liking'aa kama kioo, na baada ya kuosha mara tatu utando umerudi. Haukuwa umeondoka, ulijazwa mafuta. Na mkwaruzo unaonasa ukucha uache. Kuufuata mpaka mwisho ni kula klia yote, na akiba hiyo utaihitaji miaka ijayo.

Fanya kazi asubuhi, kivulini. Paneli ya gari jeusi ikishapata jua la saa tano haishikiki kwa mkono, na polishi hukauka juu yake kabla haijafanya kitu. Jipe siku mbili kwa gari zima, na usijilaumu zikiwa tatu.

Kuhusu seramiki: naitumia na naipenda, lakini ni tabaka jembamba mno juu ya klia. Husaidia uchafu kutoka kwa urahisi na maji kuteleza. Haizuii kitambaa cha askari wa geti, na ukiipaka juu ya utando umeufungia ndani. Kama bajeti hairuhusu, nta nzuri kila baada ya miezi miwili mitatu inatosha kabisa kwa Premio ya kwenda kazini.

Mwisho, maji. Visima vyetu vina floridi nyingi, tunaiona kwenye meno ya watoto, na vina madini mengine mengi pamoja nayo. Tone likikaukia juu ya rangi nyeusi huacha duara jeupe, na likipigwa jua siku kadhaa huanza kula klia. Kwa hiyo osha jioni, na suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua kama una tangi. Ukaushe kwa taulo nene ya maikrofaiba, uilaze juu ya paneli na kuiinua bila kusugua. Na mpe yule askari taulo nyingine, umweleze mwenyewe kwamba gari likiwa na vumbi aliache hivyo hivyo, na hiyo taulo ni ya vioo tu.