Kabla ya kuchagua elektrodi za betri ya sodiamu, hesabu sodiamu yenyewe

Wanaoanza kutengeneza betri za sodiamu huniuliza kwanza ni kathodi gani (elektrodi ya upande chanya) yenye uwezo mkubwa wa kubeba chaji. Nami huwauliza: sodiamu ya betri yako itatoka wapi?

Majaribio mengi ya maabara huiweka kathodi mbele ya kipande cha sodiamu tupu. Kipande hicho kina sodiamu tele, hivyo hufidia upungufu wote na namba zikapendeza. Chukua oksidi ya chuma na manganizi yenye tabaka zilizopangika kwa namna iitwayo P2, iliyotangazwa mwaka 2012 na watafiti wa Japani: mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji) 190 kwa gramu, bila kobalti wala nikeli. Naipenda sana, maana chuma na manganizi ni madini rahisi kupatikana. Lakini inapotengenezwa huwa na theluthi mbili tu ya sodiamu inayoweza kubeba. Ipe anodi (elektrodi ya upande hasi) ya kaboni ngumu, yaani kaboni isiyopangika vizuri kama grafaiti, ambayo haina sodiamu hata chembe, na ile 190 hutaiona.

Kaboni ngumu nayo ina deni lake. Inaweza kufikia takriban mAh 300 kwa gramu, na ndiyo tunayoitegemea kwa sababu grafaiti ya betri za lithiamu haipokei sodiamu ipasavyo. Ila chaji ya kwanza hupoteza sodiamu kwa kujenga utando juu ya kaboni, na sodiamu hiyo hairudi. Pima hasara hiyo kwa kaboni uliyonayo kabla ya kupanga uzito wa kathodi.

Kwa anayeanza, ningependekeza kathodi ya Na4Fe3(PO4)2P2O7, fosfati ya sodiamu na chuma. Kinadharia ni mAh 129 tu kwa gramu, lakini ni ya chuma, muundo wake ni imara, na sodiamu yake inakuja nayo. Oksidi zenye tabaka za mpangilio mwingine, O3, zina sodiamu ya kutosha na uwezo zaidi, ila hewa yenye unyevu huzichafua hadi rojo lako la kupaka kathodi kwenye foili likagandamana kabla hujalipaka. Nyeupe ya Prussia, kathodi nyingine ya fuwele zenye sodiamu, ni rahisi pia, ikiwa una tanuri la ombwe la kuondoa maji yaliyojificha ndani ya fuwele.

Foili ya alumini ya kupitishia umeme tumia pande zote mbili, kathodi na anodi. Sodiamu haiungani nayo kama lithiamu inavyofanya, kwa hiyo huna haja ya foili ya shaba upande wa anodi. Halafu unda seli kamili, yaani kathodi yako na anodi ya kaboni bila kipande cha sodiamu, mapema, hata kama kathodi bado hujairidhia.