Nilichekwa kwa kusema "batoto"

Katika toleo lililopita nilimtaja María Casares, mwigizaji wa Uhispania aliyeigiza Kifo katika filamu ya Orphée. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia. Hapa najibu mbili: ya kwanza haihitaji maneno mengi, ya pili imeninyima usingizi.

*Mwalimu, nimesoma kwamba huyo mama alikuwa mpenzi wa Albert Camus, mwandishi aliyepata Nobel. Je, angejulikana bila yeye? – Msomaji wa Umoja*

Angejulikana, ndugu yangu, na alikuwa ameanza kujulikana. Walikutana Paris mwezi Machi 1944. Wakati huo Casares alikuwa na miaka 21, anaigiza katika ukumbi wa Mathurins tangu 1942, na mwelekezi Marcel Carné ameshamchagua aigize Nathalie katika filamu ya Les Enfants du paradis. Camus ndiye aliyekuwa mgeni wa jukwaa pale mjini. Le Malentendu, tamthilia yake ya kwanza kuonyeshwa Paris, ilipandishwa mwaka huo huo, na aliyeibeba ni Casares, akiwa Martha. Barua zao 865 zilichapishwa mwaka 2017, na tangu hapo watu wengi humjua kwanza kama mwanamke wa kwenye barua. Camus alikufa kwa ajali ya gari Januari 1960. Casares akaendelea kupanda jukwaani kwa miaka zaidi ya 30, na mwaka 1989 akapewa tuzo ya Molière ya mwigizaji bora wa kike. Tuanzie kwenye kazi yake.

*Jambo Mama. Mimi ni binti wa miaka 23. Nilizaliwa Bukavu, niko Nairobi tangu nikiwa na miaka 15, tunaishi Kayole. Mwezi jana nilienda odisheni ya kundi linalozungusha tamthilia za seti buku mashuleni. Mistari yote nilikuwa nayo kichwani. Nilipofika penye "watoto wangu wako wapi", ulimi ukateleza nikasema "batoto". Mwelekezi akacheka, wengine nao wakacheka. Akaniambia nirudi nikishajua Kiswahili. Lakini Kiswahili ndiyo lugha nilizaliwa nayo, Mama. Nauliza: huyo Casares wako alikuwa Mhispania ama Mfaransa? Na lafudhi yake aliifanya nini? Aksanti. – Binti wa Kayole*

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu ndani ya matatu, na mara ya tatu nikapitiliza stejini kwangu.

Nianze na msichana mwenyewe. Alizaliwa A Coruña, mji wa bandari kule Galicia, Novemba 1922. Baba yake, Santiago Casares Quiroga, alikuwa mwanasiasa wa Jamhuri, na ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Uhispania majeshi yalipoasi Julai 1936. Vita vikawaka. María na mama yake wakasaidia kuwahudumia majeruhi hospitalini Madrid, naye bado hajafikisha miaka 14. Novemba mwaka huo wakavuka kuingia Ufaransa. Alifika Paris usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa, au karibu na hapo, bila Kifaransa. Wewe ulifika Nairobi ukiwa na miaka 15. Unajua kuamka asubuhi katika mji ambao hata muuza mkate hasemi kama watu wa kwenu.

Akapelekwa shule. Akaanza kujifunza lugha ukubwani, katika umri ambao ulimi umeshaanza kukauka. Alipotaka kuwa mwigizaji akaomba kuingia Conservatoire, shule kubwa ya uigizaji ya Ufaransa, na mlango ukafungwa. Sababu ilikuwa Kifaransa chake: lafudhi ilisikika. Akajifunza katika shule ya mwalimu René Simon, akajaribu tena, mwishowe akaingia. Baada ya hapo ndipo ukaja ukumbi wa Mathurins, zikaja filamu, na katikati ya miaka ya 1950 akawa nguzo ya kundi la Jean Vilar, Théâtre National Populaire. Fikiria walipoigizia: Avignon, ua wa kasri la mapapa, hakuna paa, kuta za mawe pande zote, na upepo wa mistral ukivuma unayachukua maneno yako. Mwaka 1954 Casares alisimama pale akiwa Lady Macbeth. Msichana aliyekataliwa kwa matamshi akawapa Wafaransa maneno yao juu ya upepo.

Hebu nikuonyeshe jambo moja dogo ambalo nadhani linajibu swali lako kuliko haya yote. Jina lake la Kihispania ni Casares. Mfaransa akiliona limeandikwa hivyo, silabi ya mwisho ataimeza, atatamka kama "Kazar". Basi Ufaransa akaandikwa Casarès, alama ikawekwa juu ya e ili mwisho wa jina usikike. Umeona kilichobadilishwa? Tahajia. Jina likavishwa nguo ya Kifaransa ili lisikatwe mkia.

Sasa tuje kwa mstari wako. Mimi nilizaliwa Siaya. Hadi kidato cha tatu, "shamba" kwangu ilikuwa "samba". Nilipopata nafasi yangu ya kwanza ya maana hapa Nairobi nilikuwa na mstari mmoja wa kufungia onyesho: "Sijashindwa." Jioni za mazoezi nilikuwa nikisema "sijasindwa", na kwenye viti vya nyuma kulikuwa na watu wa kucheka. Nikafanya kazi. Kila alfajiri kabla ya maji kukatika nilisimama kwenye sinki la nyumba yetu Kaloleni nikisema shilingi, shuka, shoka, shingo, huku nimeshika kidole mbele ya midomo nisikie hewa. Kwenye "s" hewa hupita nyembamba kama uzi na ni baridi. Kwenye "sh" midomo husogea mbele, hewa hutoka pana na ya uvuguvugu. Baada ya miezi miwili nilikuwa nayo. Mpaka leo nikikasirika sana, inaniponyoka.

Ndiyo maana nataka uangalie mahali ulipoteleza. Hukuteleza kwenye salamu wala kwenye mistari ya kupitisha habari. Uliteleza pale mama anapotafuta watoto wake. Nimefundisha waigizaji muda mrefu, na nimeliona hili mara nyingi: ulimi wa mtu ukishikwa na uchungu, haukai darasani, hurudi kwa mama. "Batoto" ilikuja kwa sababu wakati huo ulikuwa umemwona mtoto kweli. Kati ya wote waliocheka, sijui wangapi walikuwa wamemwona.

Hata hivyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Onyesho la seti buku ni la watoto wa shule wenye mtihani mbele yao, na mwelekezi ana haki ya kudai "watoto". Kazi hiyo ukiitaka, jifunze Kiswahili sanifu kama anavyojifunza fundi: soma kurasa mbili kwa sauti kila siku, jirekodi kwenye simu, jisikilize usiku, weka alama kila "ba-" iliyokaa mahali pa "wa-". Kwenye b midomo hugusana, kwenye w huviringika bila kukutana. Umbali wenyewe haufiki upana wa punje ya mchele. Utaushika kabla ya Krismasi. Asichokuwa na haki nacho ni kukuambia hujui Kiswahili. Kiswahili cha Bukavu kina wenyewe, kina nyimbo zake na mazishi yake, na watu huzaliwa ndani yake kama nilivyozaliwa mimi katika Dholuo. Hilo lilikuwa neno baya, na nimeumia kwamba limesemwa ndani ya kazi ninayoipenda.

Ukipata intaneti, itazame Orphée, ya Jean Cocteau, ya mwaka 1950. Mimi niliiona zamani pale kona ya Loita na Monrovia, kwa Wafaransa, nimekaa kiti cha pembeni na kikoti changu magotini. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini Casares alipoingia, amevaa nguo nyeusi, uso mweupe, nilimsikia. Sauti yake ni nzito, ina mchanga kidogo kooni, na maneno anayaweka chini moja moja kama mtu anayehesabu pesa ambazo hana nyingi. Anaigiza Kifo kinachompenda mtu, kwa hiyo lazima awe bibi mkubwa na mwanamke aliyeshikwa pabaya, kwa wakati mmoja. Sitasema kwamba ile namna ya kuhesabu maneno ilitoka Uhispania. Nasema tu kwamba mtu aliyejifunza lugha kwa jasho hatupi neno ovyo, na mimi nilikisikia hicho.

Ulitaka kujua alikuwa wa wapi. Kitabu cha maisha yake, alichokitoa mwaka 1980, alikiita Résidente privilégiée. Hayo ni maneno ya kwenye karatasi za serikali ya Ufaransa, aina ya kibali cha mgeni: mkaazi wa upendeleo. Miongo minne na zaidi ya maisha Ufaransa, na jina alilochagua ni la kadi. Wewe unayeitoa kadi yako ya mkimbizi kila polisi anapokusimamisha hutahitaji nikufafanulie zaidi.

Na Kihispania chake? Mwaka 1963 aliigiza Yerma, tamthilia ya mshairi wa Uhispania Federico García Lorca, mjini Buenos Aires, kwa lugha yake ya kuzaliwa, akiwa na miaka 40. Aliyemwelekeza ni Margarita Xirgu, naye Mhispania ambaye vita vile vile vilimzuia kurudi kwao, na ndiye aliyekuwa Yerma wa kwanza kabisa, Madrid, Desemba 1934. Napenda kuwafikiria wale wanawake wawili chumbani kwa mazoezi, ng'ambo ya bahari, mmoja akimkabidhi mwenzake mistari ambayo nchini kwao hawangeweza kuisema. Lorca mwenyewe alikuwa ameuawa Agosti 1936. Casares alikuja kuigiza Madrid mwaka 1976 tu, Franco, dikteta aliyeshinda vita vile, akiwa ameshakufa, katika El adefesio ya Rafael Alberti.

Alifariki Novemba 1996 nyumbani kwake La Vergne, katika kijiji cha Alloue, Ufaransa. Nyumba na shamba aliwaachia watu wa kijiji, na leo ni mahali waigizaji huenda kufanya kazi.

Nina ombi, binti yangu. Tangu Januari naandaa tamthilia fupi yenye mama mmoja ambaye sijampatia sauti. Nimesikiliza waigizaji wanane, wote wana matamshi safi. Niandikie tena kupitia jarida, nitakutumia siku na mahali, nauli nitalipa mimi. Njoo na mstari wako ule ule. Utausema kwanza kwa "watoto", halafu utausema kwa "batoto", na mimi nitakaa kiti cha nyuma kabisa nisikilize yote mawili.