Cheti cha BRELA nilikuwa nacho, jina nikalipoteza

Aliyenishtua ni mama mmoja mwenye duka Mbuyuni, hapa Moshi. Alinipigia akaniuliza, "Dada, siku hizi umebadilisha lebo?" Nikamjibu hapana. Nilipofika dukani kwake nikakuta pakiti za viungo vya chai zimepangwa vizuri, jina ni langu, rangi zinakaribiana na zangu, namba ya simu siijui.

Jina hilo lilikuwa la utani la bibi yangu, ndiye aliyenifundisha kuchanganya iliki, mdalasini, tangawizi kavu na karafuu. Siliandiki hapa kwa sababu si langu tena.

Nilikuwa na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, nina leseni, nalipa kodi. Niliamini nimemaliza. Wakili niliyemwendea Arusha alikiangalia kidogo tu, akaniuliza, "Na alama ya biashara uliisajili lini?" Sikujua kwamba hivyo ni vitu viwili.

Tafadhali lielewe hili kabla halijakugharimu. Jina la biashara linaonyesha biashara fulani inaendeshwa na nani. Alama ya biashara ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine asibandike jina au nembo yako kwenye bidhaa kama yako. Vyote vinasajiliwa BRELA, kwa mtandao, lakini kwa sheria tofauti. Alama ina sheria yake ya mwaka 1986. Mtu aliyekuwa akichukua mzigo kwangu kwa jumla na kuuza Arusha aliombea alama jina lile, kwa jina lake yeye. Maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Siku zangu 60 zilipita niko jikoni nakaanga iliki.

Wakili aliniambia aliyetangulia kutumia jina ana hoja, ila lazima athibitishe. Mimi nilikuwa nauza mkono kwa mkono, risiti za kuhesabu, na picha za lebo ya kwanza zilipotea pamoja na simu. Nikapiga hesabu ya gharama na muda, nikaamua kubadilisha jina. Wateja wengine hawakunifuata, wakadhani mimi ndiye mwigaji. Hilo liliniuma kuliko hela. Sisi wa kaskazini tunapaswa kujua thamani ya jina: jiwe la Mererani lilitambuliwa mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya Marekani ndiyo iliyolipatia jina la tanzanite mwaka 1968, likauzika duniani kwa jina hilo.

Kwa hiyo omba alama kabla mzigo haujavuka mtaa wenu. Anza na upekuzi BRELA, ujue kama kuna mwenye jina linalofanana. Chagua neno la pekee: "Viungo Safi" linaeleza bidhaa tu, na "Kilimanjaro" ni jina la mahali, yote mawili ni magumu kuyamiliki peke yako. Kisha angalia daraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45, na ulinzi unafuata daraja uliloomba. Viungo na chai viko daraja la 30; nilipoongeza siagi ya karanga ilinibidi nipeleke maombi mengine, maana hiyo iko la 29. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, halafu unahuishwa kila baada ya miaka 10. Ukiuza Zanzibar, huko kuna usajili wao.

Na nembo? Dizaina wangu alikuwa kijana wa steshenari. Nilimlipa, tukaachana bila karatasi. Hakimiliki huanza kwa aliyechora, kwa hiyo malipo peke yake yasikupe usingizi. Andikeni nusu ukurasa kwamba haki zote za mchoro anakuhamishia wewe, mtie sahihi wote wawili, na faili la asili akukabidhi.

Mapishi hayasajiliwi kama alama; ulinzi wake ni kuyafanya siri. Mimi vipimo napima mwenyewe usiku. Mabinti wanaonisaidia kusaga na kufungasha wanapokea mchanganyiko tayari, na wamesaini mkataba wa kutunza siri. Siwashuku, nawapenda kama wadogo zangu, lakini nimeshaumwa na nyoka.

Wewe uliyebuni mashine, waone BRELA kuhusu hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi wako, kabla hujaipeleka maonyesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha. Hataza inataka kitu kipya, na ulichokwisha kukionyesha hadharani kinaweza kukukosesha upya huo.

Cheti cha alama ya jina langu jipya kimeshatoka. Kopi moja iko kwa mama yangu kule Marangu, ndani ya sanduku lake la vitenge, pamoja na bahasha ya risiti na lebo zote tangu pakiti ya kwanza, kila moja na tarehe yake.