Swali la Lugha: Nani Amewahi Kushirikiana Peke Yake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma biolojia na sasa niko nyumbani Lamu, likizoni. Katika muhtasari wangu nimeandika: "MikroRNA hushirikiana kwa pamoja kudhibiti jeni katika seli za binadamu." Mwenzangu amelikata "kwa pamoja". Nani amepatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Amepatia mwenzako, na Mungu amzidishie wino. Hili "kushirikiana kwa pamoja" nalisikia mikutanoni, redioni, hata kwenye hotuba za harusi, na kila mara naliuma kama mchanga ndani ya wali.

Shiriki ni neno lenye asili ya Kiarabu, hilo latosha. Kazi yote imo katika -ana ya mwisho, inayotwambia watendaji ni zaidi ya mmoja. Shuka pwani ya Shela utazame mabaharia wakitweka tanga. Foromali, mti ubebao tanga, ni nzito; henza, kamba ya kulitwekea, imekamatwa na watu watano, mmoja aongoza wimbo na wanne waitikia. Niambie "wanashirikiana kutweka tanga", nami nishawaona wote watano, na jasho lao. Ukiongeza "kwa pamoja" umemleta nani? Baharia wa sita hayupo! Au yuko aliyewahi kushirikiana peke yake, yeye kashika henza Shela na wenzake wamelala Matondoni? Na hiyo "kwa" nayo yatafuta nini? Pamoja ni pa na moja, basi; husimama bila kushikiliwa.

Huko kwenye seli zako ndiko uangalifu unakotakiwa zaidi. MikroRNA ni uzi mfupi wa nyukleotidi (viungo vya RNA) kama 22, hujibandika kwenye RNA mjumbe, nakala ya jeni ibebayo maagizo ya kutengeneza protini, na kuzuia protini isitengenezwe. Mbili zikijibandika karibu karibu kwenye mjumbe mmoja, mara nyingine huzuia kwa nguvu kuliko jumla ya kila moja ikiwa mbali na nyenzake. Hapo andika "hushirikiana", ukomee hapo.

Lakini lipo kundi liitwalo miR-17-92, lenye mikroRNA 6 zinazotoka katika uzi mmoja mrefu kabla ya kukatwa vipande. Hizo "hunakiliwa pamoja". Nakiliwa haina -ana, na ukiliondoa pamoja msomaji atadhani kila moja ina uzi wake. Hapo "pamoja" hula mshahara wake kihalali.

Kisha mikroRNA iitwayo let-7 na protini LIN28: LIN28 huizuia let-7 isikomae, nayo let-7 huzuia LIN28 isitengenezwe. Hao hawashirikiani kamwe, "huzuiana". Tazama -ana ileile ilivyobeba ugomvi mzima bila kuomba msaada wa neno jingine.

Ile "walitia saini kwa pamoja" ya magazetini nimechoka kupigana nayo. Imekusudia wakati mmoja, na ipite. Ila ikisogea karibu na kushirikiana, kalamu yangu i wazi.

Andika hivi: "MikroRNA hushirikiana kudhibiti jeni katika seli za binadamu."