Dawa ya magugu inaweza kufanya antibayotiki zidunde?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi nalima tumbaku na mahindi huku Urambo, Tabora. Msimu wa magugu tunapiga dawa, afu bomba watu wanalisuuzia palepale kisimani. Sa mwanangu aliharisha damu akapewa sipro (antibayotiki ya ciprofloxacin), ikadunda, ikabidi abadilishiwe. Jirani anasema ni sumu za shambani zimefanya bakteria wawe sugu, nikamcheka, ila nimebaki najiuliza, hivi inawezekana? – Mama wa Urambo

JIBU: Marahaba mama, pole na mtoto. Jirani usimcheke sana, jambo hilo lipo, ila siyo lazima ndo lililompata mwanao.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walitoa matokeo ya majaribio yao: waliwakuza bakteria wa tumboni, E. coli na Salmonella, kwenye dawa za magugu (za glaifoseti, 2,4-D na dikamba) kwa kiwango kisichowaua, wakawapa na antibayotiki hapohapo. Kuna mahali bakteria walikuwa wagumu zaidi kwa antibayotiki, sipro ikiwemo, mahali pengine wakalegea, kwingine hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo anayekwambia kila sumu inaleta usugu anakuongopea.

Kinachotokea ni hivi, bakteria ana vipampu vya kutapisha sumu, akishtuliwa na dawa ya magugu anavichapisha kazi, na antibayotiki nayo inatolewa humohumo, kama mvuvi anayekumba maji mtumbwini, hachagui ya mvua wala ya ziwa. Dawa ya magugu ikiisha anarudi kawaida, tatizo ni kwamba aliyenusurika kapata muda wa kubadilika akawa sugu moja kwa moja. Kopa (madini ya shaba) ya kupigia ukungu kwenye nyanya ina njia yake: jeni (vinasaba vya bakteria) za kuhimili kopa mara nyingi husafiri pamoja na za kuhimili antibayotiki, na kopa haiozi udongoni.

Ila mama, chanzo kikubwa bado ni sisi na antibayotiki zenyewe, vidonge viwili vitatu vya dukani afu basi. Halafu kuhara damu kunaweza kuwa amiba, kijidudu ambacho siyo bakteria, na sipro haiui amiba! Ikijirudia omba kipimo cha choo kabla ya dawa.

Bomba lisuuzeni shambani, maji yake myapulizie hukohuko, mbali na kisima. Maji ya kunywa chemsha, bakteria watakufa, lakini usitegemee moto kuondoa dawa ya magugu, hiyo dawa yake ni isifike kisimani kabisa.